Usukani Bila Gari

Mimi nimewahi kuendesha gari la mbio. Msicheke. La njano, milango miwili, paa la turubai la kukunja. Nimeliendesha kutoka Sumbawanga mpaka Laela, nikateremsha, nikapandisha, nikapiga kona zote, na sikutoka uani kwangu Majengo hata hatua moja. Subirini niwaeleze. Ila mniache nieleze kwa njia yangu, maana mkinikatiza nitaruka mambo halafu mtasema bibi anadanganya.

Na nawaambia mapema kabisa: gari halikuja. Msije mkakaa hapa mnangoja lije mwishoni mwa hadithi kama sisi tulivyongoja. Halikuja.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Kwao ni watu wa biashara, Waislamu wa mjini, babu yao alikuja na chumvi na samaki wakavu, akaona baridi ya huku inamfaa, akakaa. Mimi ni wa Pito. Kwetu mahindi, ulezi, na Jumapili kanisani. Shule niliishia darasa la pili kwa sababu ndege walikuwa wanamaliza ulezi na mwenye sauti ya kuwafukuza nyumbani kwetu nilikuwa mimi. Sauti hiyo ninayo mpaka leo, mnaisikia.

Aliponioa, baba yangu alinuna masika nzima. Kwanza dini, pili dereva, tatu mtu wa dukani. Mnajua kilichomlainisha? Salamu. Kwetu Ufipa salamu si kitu cha kutupa ukiwa unapita. Ukikutana na mzee njiani, kama una baiskeli unashuka, unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, unauliza za nyumbani, za shamba, za ng'ombe, za yule aliyekuwa anakohoa. Mume wangu alijifunza yote hayo kwa ajili yangu. Lori limejaa magunia, anasimamisha katikati ya barabara, anateremka, anachuchumaa vumbini mbele ya mzee mwenye jembe. Waliopakia mizigo wanatukana huko juu, yeye anauliza za ng'ombe. Baba yangu akasema, "Dini si yetu, lakini ana magoti." Basi, ndoa ikakubaliwa hapo.

Sasa ilikuwa miaka ya Ujamaa, mwanzo mwanzo, watu walikuwa hawajahamishwa bado. Siku moja mume wangu anarudi kutoka Dar es Salaam, ameshika kitabu cha picha. Kitabu kinang'aa hata unaogopa kukishika na mikono ya unga. Ndani magari matupu. Si malori, si Landrover. Magari mafupi, yamelala chini kama paka anayevizia.

"Nimeagiza moja," akasema. "Sehemu yangu kwenye lori nimewauzia kaka zangu. Wakala kanipa hiki kitabu tuchague linavyotakiwa kuwa."

Mama mkwe wangu, tuliyekuwa tunakaa naye, akakipokea kitabu, akakigeuza juu chini, akatazama. "Linabeba magunia mangapi?"

"Halibebi, mama. Maisha yangu yote nimeendesha magunia. Nataka niendeshe kitu kisichobeba kitu."

"Gari lisilobeba kitu si gari, ni kichaa."

Basi tukatandika mkeka uani, tukakaa kuchagua. Nawaambieni, katika maisha yangu sijawahi kufurahi kama siku ile. Mtu kama mimi, ambaye hata kanga nilikuwa napewa iliyobaki dukani kwao, leo naulizwa: unataka viti vya ngozi au vya kitambaa?

"Ngozi," nikasema, kabla hajamaliza.

"Ngozi ya nini?" mama mkwe akauliza. "Isije ikawa ya nguruwe."

"Ya ng'ombe, mama."

"Waandikie. Waambie ya ng'ombe."

Tukafika kwenye viti vyenyewe. Viwili mbele, nyuma pana kijipango kama cha kuwekea birika. Mama mkwe akaweka kidole pale. "Na mimi?"

"Wewe utakaa mbele, mama."

"Na mkeo?"

"Nyuma."

"Hapo hata mbuzi haenei. Mbuzi akikaa hapo atalia mpaka Laela."

Rangi ndiyo ilileta ugomvi. Mimi nilitaka nyekundu. Mama mkwe alitaka nyeupe, halafu akakumbuka kwamba mapadri wa misheni wana gari jeupe, akaghairi. Mume wangu akasema njano.

"Njano!" mama mkwe akapiga kelele. "Kama mtu mwenye ugonjwa wa manjano?"

"Njano inaonekana, mama."

"Inaonekana na nani? Mji huu nani hakujui?"

Akacheka. Lakini nilimwona alivyoisogeza ile picha ya njano karibu na pua, akaigeuza kwenye jua, akaisogeza tena. Mimi nikadhani ni mapenzi. Mtu akipenda kitu si anakisogeza karibu?

Mimi nikataka mashine ya joto. Ninyi wa siku hizi mna makoti, lakini upepo wa Ufipa mwezi wa saba unaingia mpaka kwenye meno. Tukaambiwa baadaye yule wakala wa Dar alicheka mpaka akakaa chini, kule watu wanatoka jasho wamesimama, nani anaagiza joto? Na mume wangu naye akataka paa la kukunja. Nikamwambia, "Baba watoto, joto tunaagiza, na paa tunafungua. Hilo joto tunampashia nani?"

"Paa ni la salamu," akasema. "Gari lenyewe liko chini, sawasawa na mtu aliyechuchumaa. Nikikutana na mzee nasimama, nakunja paa, napiga makofi nikiwa humo humo. Sijamdharau."

Mnaona akili yake? Watu wa Ulaya walitengeneza lile paa kwa ajili ya jua na nywele kupepea, yeye akaliona ni la kusalimia wazee wa Pito. Na honi akaichagua ya sauti tatu, na usukani akataka wa mbao, si wa plastiki. "Wa mbao unausikia mkononi," akasema. Nalo hilo sikulitilia maanani.

Akarudi Dar kwa lori la mwenzake, akawaeleza tulivyochagua. Tukaanza kungoja.

Kungoja kwa mwanzo kulikuwa kutamu. Alijenga banda la matofali ya kuchoma, kwa kipimo cha kitabuni, fupi hata wewe ukiingia unainama. Watu wakija kutembea anawaonyesha banda tupu: hapa mbele, hapa nyuma, hapa mlango wa dereva utafunguka bila kugusa ukuta. Wanatikisa vichwa. Na lori akaacha kuendesha. Akawaambia kaka zake, tafuteni dereva mwingine, mimi nangoja gari langu.

Halafu siku moja rafiki yake, dereva mwenzake wa njia ya Mbeya, akashusha sanduku la mbao mlangoni. Vifaa vya nyongeza vimetangulia, akasema, gari linafuata na meli. Majengo yote wakaja, watu wamejaa mpaka barabarani. Likafunguliwa. Usukani wa mbao, unang'aa kama asali. Kirungu cha gia. Mazulia ya mpira. Honi.

Jirani mmoja akachungulia ndani ya sanduku, akachungulia tena. "Ndilo lenyewe hili?"

"Linakuja vipande vipande," mwingine akamjibu, "kama ng'ombe wa Idi."

Tukacheka wote, na mume wangu akacheka. Akauchukua usukani akaupapasa mzunguko mzima, taratibu, kama mtu anayemkagua mtoto mchanga vidole.

Baada ya hapo mambo yakageuka. Biashara za magari kutoka nje zikachukuliwa na serikali, ikawa kila kitu kwa kibali. Wakala wetu akafunga ofisi. Tukasikia magari ya anasa hayatoki bandarini, nchi inajenga Ujamaa, gari la mtu mmoja kwenda mbio ni la nini? Na kusema kweli ukiulizwa hivyo utajibu nini? Maduka madogo nayo yakaanza kufungwa. Mjini wakaanza kumwita mume wangu bepari. Anapita sokoni, wanamwita, "Bepari! Limefika?" Bepari gani, jamani, hata baiskeli yake haina breki.

Balozi wetu wa nyumba kumi akaja, mtu mstaarabu tu, akasimama mbele ya banda. "Ndugu, hili liko wazi. Mbolea ya wakulima imeletwa na mvua inakuja. Tungeiweka humu."

"Na gari likija?"

"Likija tunatoa. Siku hiyo hiyo."

Mbolea ikaingia. Harufu yake ilikaa uani kwetu mpaka watoto wangu walipooa.

Sasa nifike kwa baba. Baba yangu alikuwa anakuja mjini kwa miguu kutoka Pito, amejitwika maharage ya wajukuu. Asubuhi moja nasikia kikohozi chake mlangoni. Natoka mbio, nachuchumaa, napiga makofi. Hajibu. Amesimama na kapu kichwani, hataki kulitua.

"Mumeo yuko wapi?"

"Ametoka na baiskeli, baba."

"Najua ametoka na baiskeli. Amenipita nayo. Pale njia panda ya Malangali nimesimama kando ya njia, nimetua kapu kabisa nisalimiwe vizuri. Amepita hivi," akaonyesha kwa mkono, karibu aniguse pua, "hakugeuza hata shingo."

"Baba, labda..."

"Labda nini? Gari lenyewe bado, kiburi kimeshafika. Nilisema mimi. Nilisema ana magoti, kumbe magoti yalikuwa ya kuazima."

Akatua kapu nje ya kizingiti, hakuingia, akageuka akarudi Pito. Mama mkwe akamfuata mpaka njiani anamwomba, akatoka jasho bure.

Mume wangu aliporudi nilimngoja nimeshika mwiko. Nikamwambia yote. Mimi si mtu wa kunong'ona, jirani wa tatu alisikia. Nikamwambia, umempita baba yangu kama mti! Yeye akaegemeza baiskeli ukutani, na ukuta haukuwepo hapo, ulikuwa hatua moja mbele. Baiskeli ikaanguka. Akaiinua, akaiegemeza tena hewani. Ikaanguka tena.

Nikanyamaza. Nadhani ni mara ya kwanza tangu anioe.

"Sikumwona," akasema. "Siwaoni watu wa pembeni, mke wangu. Siku nyingi."

Akanieleza. Alikuwa amekwenda kwa daktari wa misheni kabla hata ya kile kitabu cha picha. Daktari akamwambia macho yake yanakufa kama dimbwi linavyokauka kiangazi, linaanza pembeni, linakuja katikati, na hakuna dawa. Ndiyo maana ya gari. Alitaka aende mbio mara moja tu, barabara ya Laela, kabla dimbwi halijafika katikati. Njano ni kwa sababu nyekundu ilikuwa imeshaanza kumpotea, jioni anaiona nyeusi. Mbao ni ili mikono ijue. Na lori aliliacha kwa sababu alikuwa amekaribia kumgonga mama na mtoto.

"Niende Pito nimwambie baba," nikasema.

"Usiende."

"Anakuona mwenye kiburi!"

"Aendelee kuniona. Dereva akisemwa ana macho mabovu amekwisha. Likija gari nani ataniachia nilitoe barabarani? Mwache anione nina kiburi. Kiburi watu wanakisamehe, siku moja."

Nikamwapia. Na mama mkwe naye, aliyekuwa nyuma ya mlango anasikia yote, akaapa bila kuombwa.

Baada ya siku chache akaanza kunifundisha kuendesha. Hesabu yake ilikuwa hivi: gari likichelewa na macho yakawahi, mimi nitashika usukani, yeye atakaa pembeni upepo umpige usoni. Tukaweka vigoda viwili uani. Usukani wa mbao nikaushika mikononi. Gia ilikuwa mchi, tukauchomekea kile kirungu juu. Breki tofali, klachi tofali, mafuta tofali dogo. Mama mkwe akija anapitia mbali, eti asigongwe.

"Kanyaga klachi. Gia ya kwanza. Achia taratibu... Taratibu! Umeizima."

"Imezimaje na haijawaka?"

"Mimi nasikia. Imezima. Washa tena."

Weee, nilijifunza! Alikuwa anaijua ile barabara kama nyumba yake. Ananiambia hapa mchanga, kaza mikono. Hapa daraja la magogo, pita katikati. Mteremko, rudisha gia, usiamini breki. Nikikosea ananifokea kwelikweli, nami najibu kwelikweli. Na tukifika kwenye vijiji ananigusa goti: "Punguza. Kuna mzee." Nasimamisha, nakunja paa, tunapiga makofi wote wawili tukiwa tumekaa pale kwenye vigoda, tunauliza za ng'ombe. Majirani wakichungulia uzio wanasema bepari amepata wazimu na mkewe ndiye utingo wake.

Yule rafiki yake wa njia ya Mbeya akapata safari ya Dar. Akarudi, akaja kwetu, akakaa na kofia mapajani.

"Nimeliona," akasema.

Mume wangu akasimama. "Umeliona!"

"Njano. Turubai jeusi juu. Liko kwenye uwanja wa bandari pamoja na mengine. Nimechungulia dirishani, halina usukani. Pale penye usukani pana chuma kimechomoza tu. Ndipo nikajua ni lenu."

"Wamesemaje?"

"Wamesema halitoki. Labda lipewe ofisi, labda lipigwe mnada, hawajui. Hawana wa kumuuliza."

Mume wangu akauliza, pole pole, "Linang'aa?"

Rafiki akanitazama mimi. Tairi zilikuwa zimekaa chini zote nne, aliniambia baadaye pale nje, na kunguru wametoboa turubai. Akasema, "Linang'aa, kaka. Mpaka linaumiza macho."

Sisi tuna usukani hauna gari, wao wana gari halina usukani. Mume wangu alilirudia hilo siku nzima na kucheka, nami nilicheka naye, kicheko kile cha mtu aliyeangusha mtungi na maji yameshamwagika. Hakusema tena likija. Ila vigoda hakuacha. Kila alasiri, twende. Na kiangazi kile dimbwi likafika katikati.

Baba akaja mchana mmoja, jua liko utosini. Mama mkwe alikuwa ametoka kutafuta unga wa ngano, nyumba iko kimya, sisi tuko uani tunaendesha. Nikasikia kikohozi kwenye uzio. Mume wangu akakisikia kabla yangu. Akaacha kunielekeza katikati ya kona, akateremka kwenye kigoda, akachuchumaa, akaanza kupiga makofi.

Alikuwa ameelekea banda la mbolea. Baba alikuwa mgongoni kwake.

"Shikamoo baba," akaliambia banda. "Za Pito? Za shamba?"

Baba akamtazama. Akanitazama mimi nimeshika usukani wa mbao, akaona matofali, akaona mchi. Mimi nilikuwa nimeapa, sikufungua mdomo. Mume wangu akaendelea kupiga makofi, taratibu, anangoja ajibiwe, na mtu asipojibiwa kwetu haruhusiwi kuinuka.

Baba akatua kapu. Akazunguka kwa hatua za polepole, kama mtu anayempita ng'ombe aliyelala, akaenda kusimama kati ya mume wangu na lile banda. Akachuchumaa. Yeye mzee, mbele ya mkwewe. Akapiga makofi.

"Marahaba, mkwe wangu. Pito wazima. Za safari?"

"Nzuri, baba. Barabara mbaya kidogo."

"Mmetoka wapi?"

"Laela."

"Mbali," baba akasema. "Na sasa mnakwenda wapi?"

"Hatujajua. Ukitaka tukupeleke Pito, twende. Ila nyuma ni padogo, baba, utanisamehe. Mama alisema hata mbuzi haenei."

"Nitaenea."

Akaja akakaa chini nyuma ya vigoda vyetu, amekunja miguu, kapu la maharage mapajani. Mume wangu akarudi kwa kupapasa, akakaa upande wake. Nikakanyaga klachi. Nikatia gia. Tukatoka Majengo, tukapita njia panda ya Malangali, na hapo mume wangu akageuza shingo pembeni, kama anatafuta mtu, akageuza tena.

Baadaye akauliza, "Jua limeshazama?"

Lilikuwa linatuchoma utosini wote watatu. Nyuma yangu nikasikia baba ameshusha pumzi.

"Bado kidogo," nikasema.

"Basi punguza," akasema. "Hapa mbele wazee ni wengi."

Nikapunguza.